Mazungumzo ya Juma: Mfarishi wa Viraka

Wasomaji wangu, mtazamapo chini ya meza ya fundi wa cherehani sokoni hamkosi kuona lundo la vipande vya nguo. Pana ncha ya suti ya mwalimu, pana ukanda wa gauni la arusi, pana kipande cha sare ya shule, na pembe ya kanga isiyotosha hata kufunga kichwa cha mtoto. Jioni ikifika vyote hufagiliwa vikachomwa moto. Nyumbani nako kuna sanduku la nguo tulizopewa na jamaa zetu wakaao mjini: suruali za mtindo uliokwisha kupita, na makoti yasiyomfaa mtu ye yote wa nyumba, lakini hatuna moyo wa kuyatupa kwa kuwa tulipewa kwa wema.

Napenda kusema juu ya lundo hilo na sanduku hilo. Vitu vya namna hiyo hiyo, katika mikono ya wanawake wa kijiji kimoja cha wakulima, vilitoa kazi ambayo leo yatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa, na ambayo faida yake ilizua mashtaka kortini.

Kazi yenyewe ni mfarishi. Neno hili ni la zamani huko pwani. Wengine husema blanketi la viraka, nami sitagombana na mtu kwa ajili ya neno. Mfarishi una matabaka matatu. Juu ni uso, ulioungwa kwa vipande vya vitambaa. Katikati ni pamba. Chini ni kitambaa kimoja kipana. Kisha matabaka yote hushonwa pamoja kwa sindano toka ukingo hata ukingo. Walio Kinangop au Molo katika mwezi wa Julai hawana haja ya kuelezwa faida ya matabaka matatu.

Kijiji ninachokisema chaitwa Gee's Bend, nacho kiko katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto wa Alabama hapo hupinda na kuizunguka nchi kwa pande tatu, hata mtu asiye na chombo cha kuvukia hana njia ila barabara moja. Mwaka wa 1816 mtu aitwaye Joseph Gee alifungua shamba la pamba mahali hapo kwa kazi ya watumwa. Mwaka wa 1845 shamba lilipita mikononi mwa Mark Pettway kwa sababu ya deni, naye akaja na watumwa wapatao mia, waliotembea kwa miguu toka North Carolina. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, watu wale walibaki pale pale wakilima pamba na kugawana mavuno na mwenye ardhi, na jina la Pettway likabaki juu yao. Ndiyo sababu msomaji atakutana na akina Pettway kadha wa kadha katika habari hii, wala si lazima wawe wa tumbo moja.

Mambo yao mkulima atayafahamu upesi. Kila mwaka walikopa kwa mfanya biashara wa mji wa Camden, ulio ng'ambo ya mto, na wakati wa mavuno wakalipa kwa pamba. Bei ya pamba ikaanguka, deni likakua, yule mfanya biashara akafa, na mwaka wa 1932 mjane wake akadai yote mara moja. Wakaja watu wakachukua nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe, mikokoteni, hata mahindi ya ghalani. Familia zilipona kwa unga wa Chama cha Msalaba Mwekundu na kwa vile walivyoweza kuokota na kuwinda. Baadaye Serikali ya Marekani ilinunua lile shamba kubwa, ekari kama 10,000, ikajenga nyumba mpya za mbao, ikawakopesha wakulima fedha kwa riba ndogo ili wanunue mashamba yao wenyewe. Mwaka wa 1937, kabla nyumba nyingi hazijajengwa, mpiga picha wa Serikali aitwaye Arthur Rothstein alifika huko. Picha zake zaonyesha nyumba za magogo zilizobandikwa kurasa za magazeti ndani ili kuzuia upepo. (Gazeti hili nalo laweza kufanya kazi hiyo, ila nawasihi mlisome kwanza.)

Katika nyumba ya namna hiyo mfarishi haukuwa pambo. Upepo ulipita kati ya gogo na gogo, watoto walilala wengi mahali pamoja, na mfarishi mmoja juu ya mwili haukutosha. Kitambaa kipya hakikuwako. Wanawake walitumia suruali za shamba zilizochakaa magotini, mashati, aproni, na mifuko ya kitambaa iliyoleta unga, sukari na mbolea, ambayo waliifua hata maandishi yakafifia. Pamba ya katikati ilikuwa ile iliyofagiwa katika kinu cha kuchambulia pamba, au iliyookotwa shambani baada ya mavuno, wakaipiga kwa fimbo hata ikalainika na takataka zikatoka. Fikirini jambo hilo: watu waliovuna pamba kwa marobota walijifunika ile iliyofagiwa sakafuni.

Suruali kuukuu nayo ina siri yake. Goti limepauka kwa jua na kwa kupiga magoti, lakini ukiung'oa mfuko waona chini yake rangi ya siku ile suruali ilipotoka dukani. Mshonaji mwingine angaliikata sehemu hiyo na kuitupa. Wanawake wa Gee's Bend waliiweka usoni pa mfarishi, kivuli cha mfuko kikaonekana, na mpauko wa goti kando yake, vikawa rangi mbili za buluu zisizouzwa dukani popote.

Mwaka wa 1942 mjane mmoja, Missouri Pettway, alichukua nguo za kazi za marehemu mumewe, akazichana vipande virefu na kuviunga kuwa mfarishi. Binti yake Arlonzia alimsaidia, naye alipokuwa mzee alieleza kwamba mama yake alitaka kumkumbuka baba yao na kulala chini ya nguo zake. Mfarishi huo wapo hata leo, una rangi ya udongo na rangi ya buluu iliyokwisha, na sehemu nyingine zina madoa ya kazi. Mimi nimeona picha yake tu, nami nasema kwamba sijaona picha ya kaburi iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa kwa habari ya kushona, kwa maana najua akina mama watauliza, na waume watajifanya hawaulizi. Mtindo uliopendwa sana Gee's Bend huitwa Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kipande kimoja cha katikati, chenye pembe nne. Huunga ukanda ubavuni pake, akakizungusha, akaunga ukanda wa pili ubavu unaofuata, na wa tatu, na wa nne, kisha aanza mzunguko mwingine wenye kanda ndefu zaidi. Huendelea hivyo hata uso utoshe kitanda, au hata nguo zimwishie. Ukiutazama toka juu ni kama paa la nyumba litazamwavyo na ndege. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba hauhitaji kipimo cha fundi. Ukanda ukiwa mfupi waungwa na mwingine wa rangi mbali. Pembe ikienda upande, mzunguko ufuatao hurekebisha, au haurekebishi, na mfarishi wapata mwendo wake wenyewe. Uso huu kila mwanamke aliuunga peke yake kwa shauri lake. Lakini ulipofika wakati wa kuushona pamoja na pamba na kitambaa cha chini, walikusanyika wawili, watatu, wanne kuuzunguka mfarishi uliotandazwa katika fremu ya mbao, wakipiga bandi na kuimba nyimbo za kanisa.

Atakaye kujaribu na ayaangalie mambo haya. Kwanza vitambaa vifuliwe vyote kabla ya kukatwa, hata kile kipya, kwa sababu kitambaa cha pamba hujikunja kifuliwapo mara ya kwanza, na kimoja kikijikunja baada ya kuungwa huvuta wenzake wote. Pili, vizito vikae na vizito. Kipande cha koti la sufu kikiungwa na kipande cha kanga, kile cha sufu kitakirarua cha kanga katika mwaka mmoja. Tena, mistari ya bandi isiachane mno, kwani ndiyo inayoishika pamba mahali pake. Mahali pasipo na bandi pamba hukimbia ikajikusanya pembeni kama wali katika mfuko, na alalaye hubaki na vitambaa viwili vitupu. Asiye na pamba ya kutosha aweza kutia katikati blanketi kuukuu lililokwisha toboka, nalo lafaa sana.

Nimetaja nguo za kupewa. Mary Lee Bendolph, mshonaji mwingine wa Gee's Bend, aliyezaliwa mwaka wa 1935, aliwahi kuletewa furushi la nguo na jamaa wa mbali ili azigawe kwa watu. Zilikuwa nguo za nyuzi za viwandani, za mtindo wa zamani, na suruali zake zilikuwa pana miguuni. Hapana aliyezitaka. Bibi huyo alieleza kwa mzaha kwamba hata watu wa shamba hawakuwa nyuma ya mitindo kiasi hicho. Alifikiri kuzipeleka kwa Jeshi la Wokovu, lakini hakuwa na njia ya kufika huko, basi akazikata akashona mifarishi, na mmoja wao, wa mwaka 1998, una rangi kali za kufurahisha macho kuliko nguo zile zilivyopata kuwa mwilini mwa mtu. Aliyetuma hakupungukiwa, aliyepokea hakuona haya, na nguo hazikuoza sandukuni.

Hata hapa nimesema juu ya baridi na kumbukumbu. Lakini mfarishi ni mali pia, na katika mali ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Katika miaka ya 1960 watu weusi wa Alabama walidai haki yao ya kupiga kura. Watu wa Gee's Bend walipaswa kwenda Camden kujiandikisha, na mwaka wa 1962 feri iliyowavusha ilisimamishwa, hata safari fupi ya mtoni ikawa safari ya barabara ya maili zipatazo 40. Haikurudishwa ila mwaka wa 2006, yaani baada ya miaka 44. Martin Luther King alifika Gee's Bend na kuhutubia kanisani mnamo Februari 1965. Katika wilaya ile watu wengine waliolima ardhi isiyo yao walifukuzwa kwa sababu ya kujiandikisha. Basi mwezi wa Machi 1966, kwa msaada wa padre aitwaye Francis X. Walter, aliyekuwa ameona mifarishi ikianikwa kambani uani pa mtu, wanawake wa huko walianzisha chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee. Mifarishi yao ikapelekwa New York kuuzwa kwa mnada, kisha maduka makubwa yakaanza kuiagiza.

Hapo pana jambo la kufikiri. Duka kubwa lataka mia moja zilizo sawasawa. Lataka kipimo kimoja, rangi zilizochaguliwa na mwenye duka, na bandi zenye urefu mmoja. Wanawake ambao kila mmoja alijua kuunga kwa shauri lake walipaswa kushona kwa shauri la karatasi ya oda. Wataalamu wa sanaa huandika juu ya jambo hilo kwa masikitiko. Mimi ni mtu wa mshahara, tena nina watoto wanaodaiwa karo, nami siwezi kusikitika pamoja nao kwa moyo wote. Fedha ile ilikuwa ya kwanza kwa wengi wao kuipata kwa jina lao wenyewe, pasipo kupitia pamba wala mwenye ardhi. Lakini kweli ni kweli: mfarishi wa oda ulikuwa wa duka, na ule wa nyumbani ulikuwa wa mshonaji.

Tena vitu viwili hivyo vilikutana kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka wa 1972 kampuni ya Sears, Roebuck iliagiza kwa chama kile foronya za mito za koduroi, yaani kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka kama matuta ya shamba. Kazi ilikuwa ya kuchosha, foronya baada ya foronya. Lakini vibaki vya koduroi vilijaa: kijani, dhahabu, na rangi nyinginezo. Wanawake wakavichukua nyumbani, au wakawapa jirani zao wasiokuwa chamani, na usiku wakashona mifarishi ya namna waliyoipenda. Koduroi ni nzito, haikubali vipande vidogo wala pembe nyingi, kwa hiyo waliunga vipande vikubwa, vilivyo wazi. Na baadhi ya mifarishi inayosifiwa mno leo ni hiyo ya vibaki vya Sears. Chama chenyewe kilifungwa mwaka wa 2012.

Mmoja wa waliotumia koduroi alikuwa Annie Mae Young. Mwaka wa 1976 alishona mfarishi wenye kanda za koduroi katikati, nyekundu na manjano na rangi nyinginezo, akauzungushia nguo za kazi za jinzi zilizopauka. Kisha maisha yakaendelea, blanketi za dukani zikapatikana, na mifarishi ikaanza kuwekwa chini ya magodoro. Mingine ilichomwa, kwa maana moshi wa pamba hufukuza mbu. Wazee wetu walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, lakini mbu ni mbu, nami simlaumu mtu. Mnamo 1998 mkusanyaji wa sanaa aitwaye William Arnett aliona picha ya mfarishi huo ukiwa umetandazwa juu ya kuni, akaenda Gee's Bend kuutafuta. Bibi Young alikuwa amechoma baadhi ya mifarishi juma lililotangulia, akadhani na ule umo. Kesho yake aliupata baada ya kupekua, akataka kumpa yule mgeni bure. Arnett alikataa bure, akaandika hundi ya dola elfu kadhaa kwa mfarishi ule na mingine michache, na bibi akaenda nayo moja kwa moja benki.

Mwaka wa 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney huko New York, na watu wakajipanga kuitazama. Mwaka wa 2006 Posta ya Marekani iliichapa katika stempu za barua, na mfarishi wa Bibi Young ulikuwamo. Kisha mitindo ikaanza kuonekana katika mazulia na matandiko yaliyotengenezwa viwandani kwa leseni. Mwaka wa 2007 Bibi Young na wenzake wawili walikwenda kortini, wakisema kwamba hawakulipwa kwa haki na kwamba mitindo yao ilitumiwa pasipo ruhusa ya kweli. Walioshtakiwa walikana, na mwaka wa 2008 mashauri yalimalizwa kwa mapatano nje ya hukumu. Nani alikuwa na haki si kazi ya ukurasa huu kuamua. Lakini asomaye habari hiyo aona kwamba mabishano hayakuwa juu ya kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kununuliwa na kulipiwa. Lililobishaniwa ni ule mpango wa rangi, ambao haupimwi kwa yadi na ambao bibi aliufanya akilini mwake, na kama ulikwenda pamoja na mfarishi alipoutoa mlangoni.

Hivi sasa washonaji wengine wa Gee's Bend huuza wenyewe kwa njia ya intaneti, tangu mwaka wa 2021, na kila mmoja huweka bei yake.

Sisi makarani twafahamu kazi ya karatasi, basi wacha niseme lililo langu. Ukimaliza mfarishi wako, geuza upande wa chini, na pembeni shona kwa uzi jina lako na mwaka. Nunua daftari la shule, uandike nguo zilitoka kwa nani: suti ya babu, kanga aliyotoa shangazi, vibaki vya fundi fulani. Andika na siku ulizotumia, kwa sababu mnunuzi akija atakuuliza bei, nawe ukikadiria kwa kutazama vile viraka utataja bei ya viraka. Akilipa, mpe risiti inayosema kwamba amenunua mfarishi mmoja wa kujifunika. Akitaka pia kuupiga picha ili kiwanda kiufuate mtindo wake, hilo ni shauri la pili lenye bei yake. Na liandikwe katika karatasi mbili zilizo sawa, kwa tarehe na sahihi za wote wawili, moja aende nayo yeye, na ya pili uitie katika lile sanduku la nguo.